Kizingiti cha Ghala la Mbata

Babu mzaa mama alijenga ghala kwa ajili ya nazi, si kwa ajili ya watu. Mimi nililigeuza kuwa nyumba kwa sababu mama yangu aligoma kuishi mahali pengine popote, na mama akigoma, hata jini hamtoi.

Ghala lenyewe liko Mchinga, hatua chache nyuma ya njia inayoshuka pwani. Enzi za babu nazi zilivunjwa uwanjani na kuanikwa juani, na nyama yake ikishakauka na kuwa mbata, iliingizwa ndani kwa vikapu kumsubiri mnunuzi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene hata nikiupitisha mkono wangu wote kwenye tundu la hewa, vidole tu ndivyo vinavyochungulia upande wa pili. Katikati imesimama nguzo moja ya mawe. Juu zimelala boriti za mkoko, na juu ya boriti kuna uchaga ambao babu alikuwa akiwekea mtama. Mlango ni mmoja, mpana, wa mbao mbili. Na chini ya mlango palikuwa na kizingiti: mawe yaliyojengwa kwa kimo cha kama shubiri moja na nusu, na juu yake gogo la mti mgumu lililochongwa bapa, limelika katikati kwa nyayo za watu. Kiliwekwa ili maji ya mvua yasiingie kwenye mbata. Aliyekizoea alikikanyaga kama ngazi, akateremkia ndani. Asiyekijua, akitoka kwenye jua kali na kuingia gizani, alijikwaa kwanza ndipo akasema hodi. Watu wa ndani walikuwa na jibu lao moja kwa wote: "Pole, mgeni. Karibu."

Mama alikulia humo. Tangu alipoweza kubeba kikapu kichwani alikuwa akiingiza mbata, akiigeuza isiote ukungu, akiitoa. Aliolewa kijiji hicho hicho, akatuzaa sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alipofariki, mama alirudi kwenye kiwanja cha baba yake akajenga kijumba cha udongo ubavuni mwa ghala. Macho yake yaliondoka polepole kwa presha ya macho, miaka mingi, mpaka siku moja nikagundua kwamba haoni kabisa na hakuna aliyekuwa amenitangazia. Alikuwa bado anapika. Alikuwa bado anaingia ghalani na ungo, anapepeta mbaazi, anatoka. Ukimtazama kwa mbali ungedhani ni mtu anayetembea akiwaza jambo.

Kijumba cha udongo kiliangushwa na mvua, mchana, mama akiwa ghalani na mbaazi zake. Ukuta ulilala juu ya kitanda alichokuwa akilalia. Tulishukuru Mungu kwanza, kisha tukaanza kugombana.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam, Mbagala, ana nyumba nzuri ya vigae na mke mwenye heshima. Alitaka mama aende kwake, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini mama alishakaa kule miezi miwili, wakati wa kutibiwa macho. Nilikwenda kumtazama nikamkuta kwenye kiti kimoja sebuleni, miguu pamoja, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Akitaka kwenda msalani anasema "Nishikeni," na mtu anaacha kazi yake anamshika mkono. Hakuteswa. Alilishwa vizuri kuliko mimi ninavyojilisha. Ila alirudi Mchinga amekonda, na alipofika uwanjani kwake aliuvuta mkono wake kutoka kwenye mkono wangu, akaenda peke yake mpaka mlangoni mwa ghala, akakanyaga kizingiti, akaingia. Nilisikia akijikohoza ndani humo kwa raha.

Kwa hiyo alipotamka kwamba atahamia ghalani, mimi nilimwelewa, mdogo wangu hakumwelewa.

"Mama hawezi kulala na magunia," alisema kwenye simu. "Hakuna choo, hakuna dirisha la maana, sakafu ni vumbi. Dada, wewe ungelala humo?"

"Nitalitengeneza."

"Litengeneze. Lakini nikija kabla ya mvua nikakuta mama hawezi kuishi humo mwenyewe, namchukua. Na safari hii sitaki maneno."

Tukakubaliana hivyo. Na mimi nikakubali haraka kwa sababu nina kiburi.

Niseme mimi ni nani. Ni mshonaji. Miaka thelathini na ushei nimeshona Lindi mjini, sare za shule, magauni ya harusi, mashuka ya hospitali, mpaka magoti yakakataa kukanyaga cherehani nikamwachia binti yangu. Maisha yangu yote nimezunguka na futi kamba shingoni nikiwapima watu. Subira sina. Watu wananiambia hivyo mbele yangu, na nyuma yangu wanaongeza chumvi.

Fundi nilimtoa Kilwa Kivinje, maana kwetu vijana wote sasa wanajua saruji na tofali, hakuna anayetaka kuchafuka na chokaa. Huyu alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, mwenye mdomo, aliyewahi kukarabati misikiti miwili mitatu ya zamani. Na juu ya hayo alikuwa mtani wetu. Babu zake na babu zangu walitaniana, tukarithi. Asiyejua utani ataona ni matusi. Mtani anaweza kukuambia lolote, mbele ya yeyote, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna unatozwa jogoo.

Siku aliyofika alimwinamia mama, "Shikamoo bibi," kwa adabu zote, kisha akanigeukia mimi. "Na huyu mzee mwenzio ndiye nani?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nikajua wameshapatana na mimi niko peke yangu.

Fundi alizunguka ghala siku nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Jioni alitoa masharti yake. Hakuna saruji kwenye ukuta wa chokaa, kwa sababu ukuta huu unapumua, ukiubana utatoa jasho la chumvi na kubanduka. Hakuna kuongeza upana, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko siku hizi haikatwi ovyo bila kibali. Na hakuna kuigusa nguzo.

Hapo kwenye nguzo tuligombana. Mdogo wangu alikuwa ameshatuma makochi, na mimi nilikuwa nimeshayapanga kichwani, na nguzo ilikuwa imesimama katikati ya meza.

"Uchaga wote umelala juu ya nguzo hii," fundi alisema. "Ukitaka kuitoa, tangulia wewe kukaa chini yake."

Nguzo ikabaki. Ilibaki kwa sababu imebeba kitu. Sikufikiri zaidi ya hapo, na laiti ningefikiri.

Tulichoma chokaa wenyewe, mawe juu ya magogo ya minazi iliyokufa, kisha tukaizimua kwa maji na kuiacha shimoni ilale. Fundi alisema ilale, ikalala, wiki baada ya wiki, na mimi nikizunguka shimo kama kuku anayetaka kutaga. Tulitenga kona ya nyuma kwa choo na bafu. Kona nyingine tukaweka ukuta mfupi wa kitanda. Ukuta wa mashariki nilisisitiza tuutoboe dirisha kubwa. Fundi aliguna lakini alitoboa, kwa kuwa hapakuwa na boriti upande huo.

Sakafu ilipigwa kwa mtindo wa zamani. Chokaa na kokoto humwagwa, kisha wanawake hupanga mstari na vibao vya kupigia, wanapiga kwa wimbo, wakirudi nyuma taratibu, siku tatu, mpaka iwe ngumu ya kung'aa. Walikuja majirani kumi na moja, na wimbo wao siwezi kuuandika hapa kwa sababu ulimsema mume wa mtu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na nguzo. Nilidhani amekuja kuburudika tu. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Hapo bado," alisema, akinyoosha kidole. "Hapo panaitika kama tumbo lenye njaa."

Fundi alikwenda, akagonga, kweli pako wazi chini. Mama aliwarudisha mara nne. Mara ya nne wanawake walianza kulalamika, akawaambia yeye aliipiga sakafu ya kwanza ya ghala hili akiwa hajavunja ungo, na iliishi kuliko waume wa wengi wao. Walipiga tena.

Nieleze na jambo la mswala, maana lilikuwa onyo nami sikulisikia. Mama alikuwa akiswali ghalani kwa kuelekea tundu la hewa la kaskazini. Upepo mwembamba ulimpiga usoni, akajua kibla. Baada ya dirisha langu la mashariki, alasiri moja nilimkuta ametandika mswala akielekea dirishani.

"Mama, umekosea kibla."

Aligeuza uso huku na huku. "Upepo umehama," alisema.

Nilimgeuza kwa mabega, nikamtandikia upya, na moyoni nikasema uzee huo. Mungu anisamehe.

Sakafu ilipokwisha, ilitakiwa ikae bila kukanyagwa kanyagwa, kwa hiyo mama alikwenda Milola kwa mdogo wake kwa majuma mawili. Wakati huo huo fundi alipigiwa simu, shangazi yake amefariki, akaenda Kilwa kuzika. Nikabaki peke yangu na ghala, kimya, kazi zote zimesimama, na mvua iko njiani. Mtu mwenye subira angeshona pazia.

Mimi nilikaa mlangoni nikakitazama kizingiti. Nilimwona mama yangu, mzee, kipofu, anajikwaa hapo na kuanguka juu ya sakafu ngumu kama sahani. Niliisikia kabisa sauti ya mdogo wangu ikiniambia dada, hata mlango umekushinda? Nikajiuliza kizingiti hiki kimebeba nini. Hakuna kilichokilalia. Mbata hakuna tena. Maji ya mvua tutayachimbia mfereji. Nikaazima sururu.

Nilikivunja mwenyewe, asubuhi moja, kabla ya adhuhuri. Sikupima kitu. Futi kamba ilikuwa shingoni mwangu, kama siku zote, na sikupima. Mawe yalitoka vipande vipande nikayatupa kwenye mfereji wa njiani. Lile gogo la juu nilimpa jirani yangu anayekaanga maandazi njia panda, afanye kuni. Kisha nikasawazisha, nikapaka chokaa mbichi mpaka kwenye ukuta pande zote mbili za mlango, alama ya zamani ikafutika. Nilijipongeza. Sasa hata kiti cha magurudumu kingepita, nilijiambia.

Siku ya tatu baada ya hapo mama aliletwa na mpwa wake. Alishuka kwenye gari amebeba kikapu cha mbaazi kichwani, hataki kupokewa. Mimi nilikuwa ndani, nimesimama karibu na nguzo, nasubiri sifa. Nilimwona anakuja kwa mwendo wake ule ule. Mkono wa kulia ukagusa mwimo wa mlango. Mguu wa kushoto ukainuka, juu, ukaenda kukanyaga mahali ulipopakanyaga maisha yote, na uzito wake wote ukaufuata mguu.

Hapakuwa na kitu. Alikwenda mbele na kikapu, akaanguka kwa mkono wa kushoto juu ya sakafu aliyoamrisha mwenyewe ipigwe mara nne.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia nilikuwa mimi, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Kifundo cha mkono. Hospitali Lindi walimfunga hogo jeupe la plasta mpaka karibu na kiwiko, wakasema mfupa wa mzee unaunga taratibu. Mama hakulalamika. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri dawa, ndipo alipouliza.

"Kizingiti kiko wapi?"

"Nimekitoa, mama."

"Kwa nini?"

"Usije ukajikwaa."

"Nimekikanyaga tangu sijang'oka meno ya utoto," alisema. "Kilinikwaza lini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimeshawahi kumshonea bibi harusi gauni likafumuka mbele ya watu.

Mkono haukuwa ndio jambo baya zaidi. Tuliporudi Mchinga, mama alifika mlangoni akasimama. Akanyoosha mkono wake mzima hewani.

"Nishike," alisema.

Nilimshika. Kesho yake tena, nishike. Kwenda chooni, nishike. Kwenda uwanjani kuota jua, nishike. Ndani ya ghala ambalo alilijua kuliko kiganja chake alikaa kwenye kochi la mdogo wangu, miguu pamoja, mikono mapajani. Nikakiona kile kiti cha Mbagala. Nilikuwa nimekileta mwenyewe mpaka Mchinga, kwa sururu.

Mdogo wangu alipata habari, kwetu habari hazihitaji nauli. Hakunigombeza, ningeona nafuu kama angenigombeza. Alisema tu, "Dada, umejitahidi. Nakuja Jumamosi ijayo." Zilikuwa siku tisa.

Fundi alirudi kutoka msibani siku iliyofuata. Alisimama mlangoni na begi lake begani, akatazama chini, akatazama hogo la mama, akanitazama mimi.

"Nimekwenda kuzika mmoja," alisema, "nimerudi nakuta umeua wa pili."

Mama alikuwepo. Jirani wa maandazi alikuwepo. Na sikuwa na ruhusa ya kununa. Nadhani ndiyo kazi ya utani. Kuna maneno ambayo mtu mwingine akikuambia utayapangua, utajitetea. Kwa mtani unasimama tu yanakuingia yote. Nikasema, "Kirudishe."

"Kilikuwa kimo gani?"

"Shubiri moja na nusu."

"Ya nani? Yangu au yako?"

Sikujua. Nilijua kama mtu anavyojua sura ya mtu bila kuweza kuichora. Ukutani alama nilikuwa nimeipaka chokaa. Mawe yalikuwa mferejini. Fundi alikaa chini akatafuna ukucha, kisha akasema kipo kipimo kimoja kimebaki, nacho kimekaa kwenye kochi.

Tulimleta mama mlangoni. Hakutaka. Mkono wake uliniganda begani kama kupe. Fundi aliweka mbao nyembamba mahali pa kizingiti, moja juu ya nyingine, akapiga magoti pembeni.

"Bibi, kanyaga."

"Nishikeni."

"Nakushika nguo. Kanyaga."

Aliinua mguu, akaushusha kwa woga, ukapapasa. "Sicho," alisema. Fundi aliongeza ubao. Sicho. Akaongeza. Sicho, kimepita. Akapunguza. Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, na kila mguu ulipotua ulikuwa unatafuta, unauliza. Fundi alichoka, akajilaza chali uwanjani.

Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yangu. Hupimi gauni la kubebea mtoto mtu akiwa amesimama mikono mitupu. Mtu akibeba kitu mwili unakuwa mwingine.

"Mama hajawahi kuingia humu mikono mitupu," nilisema.

Nililiendea lile kapu la mbaazi, nikamtwika. Mabega yake yalishuka, shingo ikanyooka, mgongo ukawa ule ninaoujua. Niliachia mkono wake. Alikuja hatua tatu, mkono mzima ukagusa mwimo, mguu ukainuka bila kufikiri, ukabaki hewani. Fundi alikuwa ameshautelezesha ubao chini ya unyayo, na mkaa mkononi, akapiga mstari ukutani.

Tulirudia mara sita. Mstari ule ule. Baadaye niliupima kwa futi kamba, nikaandika nyuma ya mlango. Ulikuwa shubiri moja na nusu ya mama.

Sasa gogo. Nilikwenda kwa jirani wa maandazi nikimwomba Mungu, kwa sababu kuni ni kuni na yeye ana karai la kukaanga tangu alfajiri. Alikuwa amelikalia. Alisema aliligonga shoka siku ya kwanza, shoka likaruka, akaamua kulitia mdomo mmoja motoni liungue polepole, nalo likagoma hata kuungua, likawa linatoa moshi tu na kuharibu maandazi, basi akaligeuza kigoda. Upande mmoja ulikuwa mweusi kama kiganja kimoja hivi. Katikati pale palipolika palikuwa pazima. Nilimpa kigoda changu cha kushonea badala yake, na alinicheka, na alikuwa na haki.

Fundi aliyajenga mawe kwa chokaa iliyokuwa imebaki shimoni, akaweka gogo juu, upande ulioungua ukutani. Dirisha la mashariki nalo akaniambia tuzibe nusu kwa chini, upepo urudi kwenye tundu la kaskazini, nami sikubisha neno. Alasiri hiyo mama alitandika mswala mwenyewe. Sikumgusa mabega.

Siku mbili kizingiti hakukikanyaga, tulimvusha juu kwa juu. Chokaa ilikuwa bado mbichi na fundi alilaza mti pembeni mtu asikanyage. Lakini hata mti ulipotolewa, mama aliendelea kusema nishike, na mimi nikamshika, na siku zikaenda. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa ndani napindia pindo la pazia. Nilisikia kandambili uwanjani. Nikajua mwendo. Nilitaka kuinuka nimkimbilie, magoti yakakataa, na namshukuru Mungu kwa magoti hayo. Mguu ukapiga gogo, paa. Wa pili ukapiga sakafu. Mama aliingia na kopo la maji, akaipita nguzo kwa upana wa kidole, akaliweka kopo pale linapowekwaga.

"Hilo pazia unalishona au unalilia?" aliuliza.

Nilikuwa nalilia. Nikamwambia nina mafua.

Mdogo wangu alifika Jumamosi saa saba mchana, jua kali, kwa gari la kukodi. Alikuwa amemletea mama begi jipya la magurudumu, jekundu, lenye kufuli dogo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha kama anayekwenda barazani kusikilizwa kesi. Mama alisikia mlango wa gari akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda?"

"Sijakonda, mama. Mkono vipi?"

"Mkono unaunga. Jua kali, njoo ndani."

Aligeuka. Mdogo wangu alinyoosha mkono amshike, akaukuta umeshaondoka. Mama alikwenda hatua zake, kiganja kwenye mwimo, mguu juu ya gogo, akateremkia ndani, akaendelea mpaka kwenye nguzo, akatundika kanga yake kwenye kigingi ambacho babu alikuwa akitundikia kibatari. Mdogo wangu alimfuata, begi mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho yamejaa jua. Naye alizaliwa Mchinga. Alikuwa akikiruka kizingiti hicho kwa mguu mmoja, kwa kushindana na mimi, siku nzima. Kidole gumba kikapiga gogo, begi likatangulia mbele, akaja juu yake mzima mzima.

Mama hakugeuka. Alikuwa bado anainyoosha kanga yake kigingini.

"Pole, mgeni," alisema. "Karibu."

Mdogo wangu alibaki amekaa chini, ameshika kidole, juu ya sakafu ile. Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Aliutazama mlango, kisha akavua viatu vyote viwili akaviweka pembeni ya ukuta, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Aliondoka Jumatatu asubuhi, peke yake. Begi jekundu lipo mpaka leo juu ya uchaga. Mama anawekea mbaazi za mbegu.